Helmeti ya Muthangari

"Sukari imemwagika. Narudia, sukari imemwagika."

Sauti ya Obuya, mwenzake kazini, ilimfikia Ngina sikioni kupitia kifaa kidogo kama punje ya mahindi. Aliiacha chai yake mezani bila kuionja.

Mtu wao alikuwa ametoka hotelini.

"Anaelekea wapi?"

"Biashara Street. Kwa miguu. Shati ya bluu, begi ya mgongo."

"Ana haraka?"

"Zii. Ka mtu anaenda kununua mkate."

Ilikuwa Jumamosi, saa tano na robo asubuhi. Ngina alishika njia, goti lake la kushoto likilalamika kila alipopanda ukingo wa barabara. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ishirini na mitatu kati ya hiyo alikuwa ameitumikia Idara ya Ujasusi, na siku hizi aliihesabu kwa maumivu.

Mtu wa shati la bluu alijiita Valter Brandt. Pasipoti yake ilisema ni mfanyabiashara wa vitu vya kale. Idara ilijua jambo moja zaidi. Nchi mbili alizowahi kwenda kununua medali za zamani, kila moja ilizika kiongozi wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kuthibitisha lolote.

Kwa siku kumi na moja Brandt alikuwa amezunguka Nairobi akinunua beji za kofia, vifungo vya shaba na mishipi ya askari waliokufa zamani. Kwa siku kumi na moja Ngina alikuwa nyuma yake, akiandika ripoti ambazo hakuna aliyezisoma.

Brandt aliingia duka la vitambaa.

Ngina alihesabu hadi ishirini, kisha akaingia. Marobota ya sari. Muuzaji akipima kitambaa. Mlango wa nyuma wazi.

Alikimbia. Goti likamchoma kama msumari. Kichochoro kilikuwa na paka mmoja na mapipa mawili.

"Nimempoteza," alisema.

"Pole, madam," Obuya alijibu redioni.

Simu ililia kabla hajapata pumzi. Ilikuwa ni Macharia, mkuu wake.

"Rudi ofisini, Ngina. Mtu ananunua vifungo vya kizee. Hiyo ni kazi ya watu wa forodha."

"Mkuu, anajua tunamfuata na ametukwepa leo. Siku zote hizi hakujali. Kwa nini leo?"

"Labda amekuchoka."

"Wiki iliyopita alikaa Muthangari dakika arobaini, kwa mzee mmoja anaitwa Amarjit Singh. Niache nimwone huyo mzee."

Macharia alishusha pumzi. Yeye pia alikuwa amechoka. Walikuwa wamechoka pamoja kwa miaka mingi.

"Nakupa muda wa saa mbili. Halafu ufunge faili."

*

Amarjit Singh alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa na miaka sabini na minane, kilemba cha kijivu, ndevu nyeupe, na fimbo aliyoichukia. Alikuwa ameuza vipuri vya magari Kirinyaga Road hadi miguu ikakataa.

"Wewe ni wa kodi ama wa polisi?"

"Mimi ni wa kuuliza maswali, mzee."

"Basi kaa. Wa kodi huwa hawakai."

Sebule yake ilijaa askari wasio na miili. Helmeti za chuma zilipangwa rafuni. Beji zilimetameta juu ya kitambaa cheusi. Karibu na dirisha la mashariki palikuwa na kigingi kitupu cha mbao.

Ngina alimwonyesha picha ya Brandt kwenye Samsung yake.

"Ndiyo. Alinunua helmeti nyeupe ya jua, ile ya gome jepesi iliyofunikwa kitambaa. Ya vita vya kwanza. Ilikuwa inakaa hapo dirishani."

"Kwa nini uliuza?"

"Watoto wangu wako Kanada. Hawataki hizi vitu. Nikienda, nani atapanguza vumbi?" Alitazama kigingi. "Lakini mama, yule si mkusanyaji. Mkusanyaji akishika helmeti anaangalia beji kwanza. Halafu anauliza mwaka, anauliza kikosi. Huyu hakuuliza kitu. Aliigeuza, akaingiza mkono ndani, akapima na vidole."

"Alipima nini?"

"Nafasi. Hapo juu ya kichwa kuna nafasi ya hewa, ndio mtu asichemke ubongo. Akauliza kama namjua fundi wa ngozi. Nikamwambia Waweru wa Kabiria. Hunitengenezea mishipi."

"Nipe namba yake."

Amarjit alipiga. Mteja hakupatikana. Akachukua fimbo yake.

"Twende. Peke yako utazunguka huko mpaka jioni."

*

Kibanda cha Waweru kilikuwa cha mabati, kinanuka gundi na rangi ya viatu. Mwenyewe alikuwa akishona soli, misumari midogo ikiwa katikati ya midomo. Alipomwona Amarjit aliitema mkononi.

"Sasa mzee! Umeleta mshipi ingine?"

"Nimeleta mgeni. Mwambie ukweli, Waweru. Ile helmeti yangu uliifanyia nini?"

Waweru aliangalia viatu vya Ngina, kisha uso wake.

"Mzungu alisema nitoe ukanda wa ndani na nichonge lile gome. Nikamshonea mfuko wa ngozi hapo juu, wa kufunguka haraka. Ati yeye ni mgonjwa wa pumu, huwa anaweka ile dawa ya kuvuta. Alinipatia kipimo."

"Unacho bado?"

Alipekua chini ya meza, akatoa kipande cha kadibodi. Kilikuwa kimekatwa kwa umbo la kona: mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi.

Ngina alikitazama kwa muda. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa bastola yake ndogo, Walther, na kuilaza juu ya kadibodi.

Ilikaa kama mguu katika kiatu chake.

Misumari ilimdondoka Waweru mkononi. "Madam, wallahi mimi sikujua. Niko na watoto."

"Najua. Funga kibanda uende nyumbani kwao."

Amarjit alikuwa ameegemea nguzo ya mlango.

"Leo ni Jumamosi," alisema polepole. "Saa nane kuna gwaride Karen."

"Gwaride gani?"

"La chama chetu, sisi wakusanyaji. Kila mwaka tunakumbuka askari na wapagazi wa ile vita. Wanachama sita wanavaa sare za zamani na kusimama mstari. Norman ni mmoja wao, lakini tangu juzi anaharisha vibaya. Jana usiku tuliambiwa ameletwa mtu wa kusimama mahali pake. Ati ana helmeti yake mwenyewe."

"Na mgeni wa heshima ni nani?"

"Balozi Syokimau."

Ngina alihisi uchovu wote ukimtoka mwilini, na mahali pake pakaingia baridi.

Balozi Syokimau alikuwa ametumia miaka mitatu kuwakalisha meza moja maadui wawili wa nchi jirani. Walikuwa watie sahihi Jumatatu. Balozi akifa, hakungekuwa na sahihi, na wale wauzao risasi mpakani wangeendelea kuuza.

Saa yake ilisema saa saba na dakika tano.

*

"Obuya. Karen, kwenye gwaride la wakusanyaji, lango la juu. Nenda na hiyo Probox mbio."

"Nimetoka."

Ngina aliikanyaga Subaru hadi Dagoretti Corner, akakata kuingia Ngong Road, akakuta foleni. Alipanda ukingo. Amarjit alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili, akinong'ona kitu kwa Kipunjabi. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Mkuu, nipe ruhusa ya kusimamisha sherehe."

"Pale pana watu mia mbili," Macharia alisema. "Mtu wa Brandt akiona walinzi wanakimbia atafyatua hapo hapo. Na kwani mlangoni si kuna mashine ya kukagua chuma?"

"Helmeti zote sita zina beji ya shaba, mnyororo wa shaba na ncha ya shaba juu. Mashine italia kwa wote. Nani atashtuka?"

Aliirudisha Subaru barabarani.

"Mkuu?"

"Walinzi wa Balozi wawili nitawaambia wakae naye karibu, basi. Hiyo ingine ifanye wewe. Na Ngina, kimya kimya."

Macharia alikata simu. Walipita duka kubwa, wakapita msitu, miti ikikimbia nyuma.

"Mzee, utaijua helmeti yako?"

"Wewe hukuwahi kumjua mtoto wako kati ya wengine wamevaa sare ya shule?"

Ngina hakuwa na mtoto. Aliongeza mwendo.

*

Bustani ilikuwa ya nyumba kubwa ya mawe, nyasi zimekatwa fupi kama zulia. Hema nyeupe, viti, bendi ndogo. Mlangoni mashine ililia kwa ajili ya fimbo ya Amarjit, na mlinzi akampungia mkono apite; Ngina alionyesha kitambulisho cha Idara.

Ilikuwa saa nane na dakika tisa. Gwaride lilikuwa limesimama.

Wanaume sita kwenye jua. Makoti ya kaki, mishipi myeupe, helmeti nyeupe, minyororo imepita chini ya midomo. Nyuso zilikuwa kwenye kivuli cha helmeti; mtu angedhani wametengenezwa kiwandani.

Balozi Syokimau, mama mfupi mwenye gauni la kijani, alikuwa tayari mbele ya mtu wa kwanza. Hakuwa na haraka. Alimwuliza kitu kuhusu beji yake, akacheka.

"Nani, mzee?"

Amarjit alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

Balozi alisogea kwa mtu wa pili.

"Mzee."

"Ngoja, mama. Nikikosea nitakuwa nimeua mtu."

Balozi akamshika mkono mtu wa pili. Wakazungumza. Akasogea kwa wa tatu.

"Wa nne," Amarjit alisema. "Upande wa kushoto umepauka. Ni jua la asubuhi, miaka ishirini na sita kwenye dirisha yangu."

Ngina aliokota karatasi ya ratiba kwenye kiti na kuanza kutembea.

Hakukimbia. Alipita nyuma ya hema, nyuma ya bendi, akatokea nyuma ya mstari, akiisoma karatasi yake kwa makini kama mwalimu wa zamu aliyechoshwa na sherehe. Hakuna aliyemtazama. Mwanamke wa makamo mwenye karatasi anaweza kuingia popote Nairobi.

Hatua kumi.

Mtu wa nne alikuwa kijana mrefu, shingo imelowa jasho.

Hatua tano.

Balozi alimwachia mtu wa tatu mkono. Akageuka kwa wa nne, tabasamu tayari usoni.

Mkono wa kijana ulianza kupanda. Ulipanda vizuri, vidole vimenyooka, kama wa mtu anayetaka kupiga saluti.

Ngina aliivua ile helmeti.

Aliinyanyua kutoka nyuma kwa mikono miwili, juu na nyuma, na mnyororo wa zamani ukakatika bila ubishi. Vidole vya kijana vilifika juu vikitafuta ukingo.

Vilikuta nywele.

Ngina alikuwa ameshaibana helmeti kwapani, na mdomo wa Walther ulikuwa umegusa mbavu za kijana, chini ya koti, mahali ambapo hakuna mgeni angeuona.

"Usiharibu gwaride," alimwambia sikioni. "Rudi nyuma. Hatua moja. Nyingine."

Kijana alirudi. Alikuwa akipumua kwa mdomo kama mtoto aliyelia sana.

"Huyu amepatwa na nini?" Balozi aliuliza. Walinzi wake walikuwa wamemkaribia mabegani.

"Jua, Mheshimiwa. Limemzidi."

"Maskini. Mpeni maji."

Akasogea kwa mtu wa tano.

Redio ilikwaruza. "Madam, shati ya bluu alikuwa pale ukutani na kamera. Sasa anatoka mbio. Prado nyeusi."

"Mzuie."

"Nimzuie na nini?"

"Unaendesha nini, Obuya?"

Kishindo kilisikika hadi kwenye bustani. Watu wachache waligeuza shingo. Bendi ikaongeza sauti.

"Probox imekufa," Obuya alisema. "Lakini tuko na yeye. Hajaumia. Anataka wakili."

"Mpe maji pia."

*

Nyuma ya jikoni ofisa wa polisi aliyeitwa Stellah alikuwa amefungua kisanduku chake cha vielelezo. Bastola ilikuwa tayari ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa ndogo kama ya Ngina, yenye risasi sita. Kijana alikuwa ameshapelekwa. Hakuwa amesema neno ila jina lake, Dan, na kwamba mama yake asiambiwe.

Stellah alichukua helmeti, akaandika kwenye kibandiko: *Kofia moja, nyeupe, kuukuu.*

"Naomba niione," Amarjit alisema.

Stellah alimtazama Ngina. Ngina alitikisa kichwa kukubali. Mzee alivaa glavu alizopewa, akaigeuza helmeti, akaingiza vidole ndani kwa upole. Alitafuta kwa muda mrefu. Kisha akaketi juu ya kreti ya soda.

"Imeenda," alisema. "Waweru amechonga hapo hapo."

"Nini, mzee?"

"Jina. Hii helmeti afisa aliitupa akiumwa malaria. Mpagazi wake akaiokota na kuivaa miaka yote iliyobaki ya vita. Aliandika jina lake ndani na chuma cha moto, na namba yake. Mimi nilinunua kwa mjukuu wake, huko Kabete. Alinipatia nikiwa nimeapa nitaitunza." Alipitisha kidole pale palipochongwa. "Maelfu ya watu kama yeye hawajaandikwa mahali popote. Huyu alijiandika mwenyewe. Na mimi nikamuuzia mtu ambaye hakuuliza hata mwaka."

Huko mbele watu walikuwa wakipiga makofi.

Ngina alichuchumaa kando yake, goti likamchoma, akaliacha limchome.

"Unalikumbuka?"

"Mbuthia wa Kang'ethe. Elfu nne mia nne na kumi na saba."

Ngina alimgeukia Stellah. "Andika kibandiko kingine. Cha kwanza hakijakamilika."

"Kwa kesi haisaidii, madam."

"Andika tu."

Stellah aliandika, akimwuliza mzee herufi moja moja. Amarjit alisoma mara mbili kabla ya kukubali kibandikwe. Kisha akairudisha helmeti kwa mikono yote miwili.

"Na hapa chini," Stellah aliuliza, kalamu ikiwa juu ya mstari wa mwisho, "aliyekipata kielelezo nimwandike nani?"

"Acha wazi. Mimi sikuwa hapa."

Ngina alimpa Amarjit mkono akasimama, akamkabidhi kwa Obuya ampeleke Muthangari na Subaru. Kisha akavua viatu, akavishika kwa vidole viwili, na kukata bustani peku kuelekea lango la chini, polepole, wakati wageni wakianza kupanga foleni ya chakula.