Mbili na Nusu

Walter Ajwang alikuwa tayari ameshika kufuli afunge chumba chake cha kupimia macho pale sokoni Kombewa. Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa. Tangu asubuhi alikuwa amepima watu kumi na tisa, mgongo unamuuma, koo limemkauka kwa swali lile lile. Laiti angekuwa mtu wa kusema hapana, angelala salama siku hiyo. Lakini mama mmoja, Milka, alishaingia.

"Baba, usinifungie," mchuuzi huyo wa dagaa alisema, akihema. "Nimetoka Usenge tangu saa saba. Mashua ikikuja sijui ni ya nani. Wenzangu wanamaliza kununua omena mimi bado nakodoa macho."

Walter akapumua, akamkalisha.

Chumba kilikuwa kifupi, kwa hiyo ubao wa herufi ulitundikwa ukutani nyuma ya mgonjwa, naye akausoma kwenye kioo kikubwa kilicho mbele yake. Walter alimvisha ile fremu nzito ya majaribio, ambayo hata chifu akiivaa huonekana kichekesho, akaanza kubadilisha lenzi.

"Ya kwanza... au ya pili?"

"Ya pili."

Moja na nusu. Mbili. Kila alipoongeza nguvu ya lenzi, Milka alishuka mstari mmoja. Walter akachomeka mbili na nusu, macho yote mawili.

Milka akaacha kusoma.

"Soma, Mama."

"Herufi naona zote." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lakini huyu mama ameingia saa ngapi?"

Walter akageuka. Ukuta. Ubao. Mlango aliokuwa ameurudisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama gani?"

"Huyu amesimama chini ya herufi. Ako na kitenge ya kijani. Mguu moja haina kiatu."

Ndipo harufu ilipomfikia. Mpira ulioungua... kama breki za lori zilizokanyagwa ghafla kwenye lami.

"Anafanya nini?" alinong'ona.

"Amenyoosha mkono. Kama mtu anangoja kupewa kitu." Kisha, polepole: "Yawa, daktari... anakuja."

Walter alizing'oa lenzi kwa haraka, moja ikaanguka sakafuni.

"Sasa?"

"Sasa ni ukungu tu. Simwoni." Milka alisimama, akajifunga leso vizuri, akavuta mkoba wake. "Nipe ya mbili. Mbili inanitosha. Mashua nitaona, jina yake nitauliza watu."

Alitoka bila kugeuka nyuma.

Walter akaketi kwenye kiti cha mgonjwa. Hakuhitaji kuambiwa yule mama ni nani.

Miaka miwili nyuma, mwalimu mmoja aitwaye Elsie alipimwa kwenye kiti kile kile. Mbili na nusu. Miwani yake ilifika kutoka Kisumu siku ya Jumatatu. Walter alikuwa amechoka, akasema atampigia kesho. Jumanne akasema kesho. Jumatano vilevile. Ngojangoja huumiza matumbo, wanasema, lakini hii iliumiza zaidi ya tumbo. Alhamisi jioni Elsie alivuka barabara bila kuliona lori. Kiatu chake kimoja kilipatikana mtaroni.

Walter alienda matangani. Alikula, akatoa pole, akamshika mkono mumewe, Ondiek. Kuhusu miwani iliyokuwa kwenye droo yake hakusema neno. Alijua vizuri, kama kila mtu wa kwao Seme anavyojua, kwamba kitu cha marehemu hakiguswi mpaka ndugu wakae baada ya maziko na kukigawa. Lakini nani angegawa kitu asichojua kipo? Lenzi zake mwenyewe za mbili na nusu zilikuwa zimepasuka wiki hiyo. Akazikata zile za Elsie zikawa duara, akaziingiza kwenye sanduku la lenzi za majaribio, akapimia watu. Fremu ya miwani ile aliiuza kwa msafiri mmoja pale stendi.

Aibu. Hakuna jina lingine.

Jumamosi iliyofuata ziara ya Milka alizifunga lenzi kwenye kitambaa, akampelekea Ondiek, akaeleza yote, ila habari ya fremu. Ondiek alizifungua, akaziinua kwenye mwanga.

"Asubuhi ya Alhamisi ile aliniambia, 'Leo nitapita kwa Walter niulize,'" alisema. "Mimi ndiye nilimkataza. Nikamwambia usijisumbue, ikikuja atakupigia. Nikamwambia wewe ni mtu mzuri."

Walter alitaka ardhi immeze.

"Lenzi nimepokea," Ondiek akaendelea. "Na fremu iko wapi?"

Walter akainuka, akaaga. Alirudi nyumbani hivyo hivyo.

Alinunua lenzi mpya kabisa. Haikusaidia. Kila jicho lililofikia mbili na nusu liliacha herufi ghafla, likamkodolea yule mama kwenye kioo. Mwishowe akajifunza kuiruka: kutoka mbili na robo hadi mbili na robo tatu, kama mtu anayeruka ngazi iliyooza. Watu wanaondoka na miwani isiyowakaa sawa, na wanamshukuru.

Lakini kuna jicho asiloweza kuliruka. Mtoto wa jicho amemwingia Walter mwenyewe. Mwaka jana alihitaji moja na nusu. Pasaka, mbili. Bila miwani hawezi kazi, na bila kazi watoto wake hawali. Kila mwisho wa mwezi, mgonjwa wa mwisho akishatoka, yeye hukaa kwenye kile kiti, huvaa ile fremu nzito na kujiuliza kwa sauti:

"Ya kwanza... au ya pili?"

Jana ilikuwa mbili na robo. Herufi zilikaa vizuri, isipokuwa mstari wa mwisho. Chini yake palikuwa na kitu cha kijani, bado kina ukungu. Hakikuwa na uso.

Mkono ndio aliouona.

Angeweza kutoka usiku ule ule akaanze kumuulizia yule msafiri. Stendi si mbali. Lakini mgongo ulimuuma, na miguu ilikuwa mizito.

"Kesho, mwalimu," alinong'ona, akivua fremu. "Fremu yako nitaitafuta kesho."