Presha ya Mwendesha Winchi

Alikuja na sahani.

Ilikuwa saa ya mapumziko, bwalo la kiwanda cha mabati limefurika, vijiko vinagongana, watu wanapiga soga kwa sauti za watu waliozoea kushindana na mashine. Mwajiri alikuwa ameanzisha mpango wa afya kwa wafanyakazi, na Nesi, aliyetoka zahanati ya jirani, akapewa meza kwenye kona, karibu mno na dirisha la chakula. Foleni mbili zikasukana kama nywele. Kijana mmoja mrefu, ovaroli ya rangi ya chungwa, mikono ya ovaroli kaifunga kiunoni, akasogea na foleni huku macho yakiwa kwenye simu. Alipoyainua akamkuta mbele yake msichana mwenye gauni jeupe lililopigwa pasi likakubali, sweta la bluu mabegani, na mkanda wa kupimia presha mkononi.

"Chakula kimekwisha?" akauliza.

"Hapa hatupakui, kaka. Hapa tunapima presha. Weka sahani chini, nipe mkono."

Foleni nzima ikamcheka. Wenzake walimwita Wa Juu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuendesha winchi iliyoning'inia chini ya paa, akibeba marobota ya chuma juu ya vichwa vya watu na kuyatua taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Alikuwa na sifa ya mikono mitulivu. Lakini kipimo kilipomaliza kupumua, kilisoma juu, tena juu sana kwa mtu wa umri wake.

Nesi alimwambia akae kwanza, anyamaze, apumzike, kisha akampima tena. Bado juu.

"Usiongee ninapopima," alimwonya, maana alikuwa ameshafungua mdomo.

"Nauliza tu. Hiki kidude kinapima presha au kinapima hayo macho yako? Mimi sina ugonjwa, dada. Nilikuwa mzima mpaka nilipokaa hapa."

Waliokuwa nyuma wakapiga makofi mezani. Nesi aliinama kutafuta kalamu isiyopotea, ili wasimwone anavyotabasamu. Alijua la kufanya. Mtu wa namna hii huandikiwa kwenda hospitali siku hiyohiyo. Badala yake akamwambia arudi wiki ijayo.

Wiki iliyofuata akarudi, shati limechomekewa, ananukia sabuni, na presha iko palepale. Wakacheka wote wawili. Wiki nyingine vilevile. Kufikia hapo kijana alikuwa na namba ya simu ya Nesi, na jioni, Nesi akiwa amevua viatu na kuilaza miguu ukutani, simu ilikuwa ikiita kabla chai haijapoa.

"Mgonjwa wako hapa."

"Mgonjwa wangu yupi? Ninao wengi."

"Yule ambaye damu yake inakukimbilia."

"Umekula nini leo, wewe? Na chumvi umeweka?"

"Nimeweka kidogo. Nyingine nakusubiri wewe uniwekee, kipenzi."

Nesi alimpenda. Alipenda anavyonyamaza kabla ya kucheka, anavyomsimulia bwalo linavyoonekana kutoka juu, vichwa vidogo vidogo, na gauni moja jeupe ambalo halihitaji kutafutwa. Tena, ukweli usemwe, alipenda kile kipimo. Wanawake wengine huahidiwa mapenzi kwa maneno. Yeye aliyaona yakipanda kwenye mashine, wiki baada ya wiki, na moyo wake ukavimba kwa majivuno hata sauti ya mwalimu wake wa uuguzi, aliyewaonya darasani kwamba presha haichezewi, asiisikie tena.

Mpaka jioni moja Wa Juu alipompigia akicheka kuliko kawaida. Alisimulia kwamba mchana, robota likiwa hewani, macho yalimwingia ukungu na nyota zikaanza kucheza. Akabonyeza kitufe cha kusimamisha winchi, akatulia hadi ukungu ukapita. Chini hakuna aliyejua. "Nilikuwa nakuwaza wewe," akamalizia. "Utakuja kuniua siku moja."

Nesi hakucheka. Alishusha miguu ukutani.

"Kichwa kinakuuma asubuhi?"

"Kidogo. Kwetu wote ndivyo tulivyo. Hata marehemu baba alikuwa na damu moto, alianguka kazini akapooza upande mmoja. Mbona unauliza hivyo, mpenzi?"

Nesi akamwambia amechoka. Akakata simu, akakaa kitandani na mikono yake miwili mapajani, akiitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mtu mgonjwa alikuwa amemnyooshea mkono wiki zote zile, naye alikuwa akiupokea kama ua.

Asubuhi, woga ukamtangulia. Hakumpigia. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa usalama, akamwambia kwamba mwendesha winchi asipande tena mpaka daktari aseme. Alidhani Wa Juu ataitwa pembeni, kwa adabu. Kumbe aliitwa kwa kipaza sauti, kiwanda kizima kikisikia: ashuke, asiguse tena mashine, aende hospitali. Akateremka ngazi mbele ya watu wote, na chini ya ngazi alikuwa amesimama Nesi na gauni lake jeupe.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nisikilize kwanza..."

"Mimi nilikupa mkono wangu," alisema kwa sauti ndogo, "wewe ukaupeleka ofisini." Akampita.

Kila Nesi alipompigia, hakupokea. Nesi aliendelea kukaa kwenye ile kona kila wiki, akiwapima wapakiaji na wafagiaji, na kila ovaroli ndefu ilipoingia mlangoni shingo yake ilimsaliti. Aliambiwa Wa Juu yuko stoo, anabandika lebo, haongei na mtu. Winchi alikuwa amepewa mwingine, na marobota yalikuwa yakitua kwa kishindo.

Kisha simu ikaita, namba ngeni, sauti ya mama mtu mzima.

"Wewe ndiye nesi wa mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Amekununia, najua, hata mimi kaninunia. Ila dawa anameza, namwona. Nilitaka nikwambie kitu kimoja, mwanangu. Baba yake alipokuwa akishika kichwa tulimtania, tukasema ana hasira za karibu. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumsemea kwa wakubwa wake. Laiti angekuwapo mtu wa kumsemea." Mama akavuta kamasi. "Basi. Lala salama."

Mchana mmoja, bwalo limefurika kama siku ile ya kwanza, Nesi aliita mtu anayefuata bila kuinua kichwa. Sahani ikawekwa mezani, tupu, imeoshwa inang'aa.

Wa Juu alikaa. Alikunja mkono wa shati mwenyewe, akaulaza mkono mezani. Hakutania. Hakupumua kwa mbwembwe. Nesi alimfunga mkanda, na kipimo kilipomaliza, akakisoma, akakisoma tena.

"Imeshuka," alisema.

"Usije ukadhani nimekuacha."

Nesi alicheka, machozi yakiwa tayari yamefika.

"Nilikosea," akasema. "Ningekwambia wewe kwanza. Na kabla ya hapo ningekwambia mapema zaidi, ila nilipenda kuamini kwamba ni mimi."

"Hata mimi nilipenda uamini hivyo. Nilikuwa najua, Nesi. Moyoni nilikuwa najua tangu siku ile. Nikaona nikifanya utani, haitakuwa kweli." Alifuta meza kwa kiganja, mahali pasipo na kitu. "Daktari anasema ikikaa hivi, nitapanda tena. Ila dawa nitameza maisha yangu yote. Sasa nahitaji mtu wa kuniuliza kila asubuhi kama nimemeza. Kwa simu sitaki. Nataka aniulize akiwa bado hajaamka vizuri."

Foleni nzima ikageuka kuwatazama.

"Kipimo hufanywa mara mbili," alisema Nesi. "Lete mkono."

"Sijajibiwa."

Alimfunga mkanda tena, taratibu safari hii, akabonyeza. Upepo ulipoanza kujaa, wakati ambao mtu haruhusiwi kuongea, akainama karibu na sikio lake.

"Ndiyo."

Wa Juu akafumbua mdomo. Nesi akamwekea kidole midomoni, na bwalo zima likasubiri mashine imalize. Ilikuwa imepanda kidogo. Akaiandika kama ilivyo, akamwambia akae pembeni atulie, atampima mara ya tatu.