Miwani ya Askari wa Fisi

Giza lilikuwa linaingia Phelister alipotoka nyumbani kwake Bwaise akiwa na kurasa za katuni kifuani, zimebanwa chini ya kitenge. Alikuwa anazipeleka Wandegeya kwa aliyezichora, maana kukutwa nazo ndani ya nyumba miaka ile ilikuwa ni kujitafutia balaa. Hakuwa na haraka. Tangu mumewe achukuliwe hakuwa na haraka ya kitu chochote. Alikula akikumbushwa, akalala akichoka, na mtu akimsalimia njiani aliitikia yule mtu ameshapita.

Kurasa zenyewe zilikuwa za Talasimu. Huyu Talasimu alikuwa mchawi kijana, hata ndevu hajaota, mwenye hirizi mkononi na wenzake watatu. Kulikuwa na Bibi Moshi, aliyepenya chini ya milango. Kulikuwa na Fundi Uzi, aliyeshona matundu ya risasi mtu akainuka akaenda zake. Na kulikuwa na Bunju, mbwa asiye na kivuli. Kila toleo walivunja gereza moja la Mfalme Fisi. Watu walikinunua kitabu kwa kificho, wakacheka kwa sauti ya chini, na hakuna mjinga aliyeuliza Fisi ni nani.

Mchoraji alikuwa Maftah, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na biashara kutoka pwani. Marehemu baba yake alisomesha madrasa. Maftah alichora kila kitu isipokuwa macho, kwa sababu alilelewa akiambiwa kwamba anayechora kiumbe ataamriwa siku ya kiyama amtie roho, naye hataweza. Basi akajitafutia upenyo. Sura isiyo na macho, alisema, ni karatasi tu. Macho aliyatia Khisa, mume wa Phelister, Mkenya, Mkristo wa Bungoma, aliyekuwa fundi wa mashine ya chapa. Khisa alisema kwao hakuna aliyewahi kumkataza kitu kama hicho, na kalamu anayo. Wakagawana kazi hivyo, na dhambi pia, kama walivyozoea kutaniana.

Toleo la mwisho lilijaa askari wa Fisi. Khisa alichoka kuwatia macho mmoja mmoja, akawavika wote miwani myeusi. Ulikuwa utani wa mtu aliyechoka, basi. Lakini mji mzima uliwajua watu wa miwani myeusi na magari yao, na toleo likaisha siku hiyo hiyo.

Kesho yake alasiri gari likasimama mbele ya duka la chapa. Maftah alikuwa msikitini. Wakauliza ni nani aliyeweka miwani. Khisa akasema, mimi.

Wakamtia kwenye buti la gari.

Jioni ile alipofika Wandegeya, Phelister alimkuta Maftah peke yake nyuma ya duka, taa ya mafuta imeteremshwa utambi. Alikuwa amekonda, na hakumtazama usoni. Alipokea kurasa, akamwambia shemeji pole, akamwambia ameuliza kila anayemjua na wote wamemshauri aache kuuliza. Phelister alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo lililomtoa nyumbani.

"Mchore Khisa. Talasimu anafungua mlango, Khisa anatoka."

"Shemeji, yule ni mtu wa kweli. Siwezi."

"Si huchori macho? Umesema mwenyewe ni karatasi tu."

Maftah alijua miwani ile ilitokana na yeye kuacha nyuso tupu. Akavuta karatasi.

Wino ulikuwa haupo. Mwaka ule hata chumvi ilikuwa ya kubahatisha, sembuse wino. Akainama chini ya meza, akatoa kichupa cha marehemu baba yake, wino wa zafarani na marashi aliokuwa akiandikia makombe, yale maandishi ya sahani yanayooshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Harufu ikajaa chumba. Akachora gereza, akamchora Talasimu ameinua mkono, akachora Bibi Moshi, Fundi Uzi na mbwa wamesimama pembeni. Katikati akamweka Khisa, uso kwa uso na anayetazama, mdomo umefumba. Hakukosea hata kovu la kidevuni.

Akamuuliza Phelister, Khisa aseme nini.

"Aseme amerudi nyumbani," Phelister alijibu. "Basi."

Maftah akaandika hivyo. Alimpa ukurasa bila kuukunja, akamsihi asimwambie mtu.

Usiku ule Phelister aliketi mahali pa mumewe, akachukua kalamu ya mumewe. Jicho la kwanza lilitoka vizuri. La pili likawa kubwa kidogo kuliko mwenzake. Alisubiri. Hakikutokea kitu. Akauweka ukurasa chini ya godoro, akalala na viatu miguuni.

Jioni iliyofuata alikuwa anapepeta maharage, mlango ameufunga kwa komeo. Nje mvua ilikuwa imekatika na vyura wa mtaroni walikuwa wanapiga kelele.

Vyura wakanyamaza.

Harufu ikaja kwanza... zafarani. Halafu marashi. Halafu kitu kama karatasi iliyolowa.

Akainua macho.

Khisa alikuwa ameketi juu ya kigoda, upande wa pili wa chumba.

"Nimerudi nyumbani," alisema.

Mdomo haukufunguka. Sauti ilikuwa yake, haikuwa na kasoro yoyote. Phelister alitazama mlango, akaona komeo liko palepale. Akamtazama tena. Jicho moja lilikuwa kubwa kidogo kuliko jingine.

Mtu mwingine angepiga mayowe, na mimi ningekimbia, siwaongopei. Yeye alipika maharage. Akapakua sahani mbili, akampa moja, nayo ikapoa mikononi mwa yule mtu mpaka asubuhi. Alimuuliza walimpeleka wapi, walimfanya nini. Yule mtu akasema amerudi nyumbani. Alimuuliza kama anaumwa. Amerudi nyumbani.

Lililomtia baridi aligundua alipofagia. Alipita nyuma ya kigoda, akakutana na uso. Akazunguka upande wa pili. Uso. Kigoda hakikusogea wala yule mtu hakugeuka, lakini popote aliposimama alitazamwa. Alinyoosha mkono kumgusa mgongo... vidole vikaangukia shavuni. Shavu lilikuwa kavu.

Hakuwa na mgongo. Maftah hakumchora nao.

Phelister akaweka ufagio, akakaa kitandani, na hofu ikamtoka. Alijisemea, wanawake wangapi mji huu hawana hata hiki? Akamzoea. Majirani waliposikia sauti ya kiume ukutani, Phelister akawaambia kaka yake amekuja kutoka Kenya.

Alikwenda Wandegeya kumwambia Maftah, akakuta duka limefungwa. Hajara, dada yake Maftah, ndiye aliyempokea kibarazani. Alisema kaka yake alivuka mpaka wa Busia bila hata kuaga. Phelister akamuuliza kuhusu kile kichupa, na yule dada akamsogelea karibu.

"Wino ule baba alikuwa akiwaandikia waliopotewa na watu wao," alinong'ona. "Aliandika jina, akaomba. Hakuandika sura hata siku moja."

"Kwa nini?"

"Alisema ukiita kwa jina, anakuja mwenye jina. Ukiita kwa sura..." Hakumaliza. Alimuuliza tu kama ukurasa upo, akamwambia auchome leo. Phelister aliitikia ndiyo. Alirudi nyumbani, akainua godoro, akauona ukurasa. Gereza lilikuwepo, Talasimu na wenzake walikuwepo, katikati palikuwa peupe. Akaliteremsha godoro.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa jioni nyingine, baada ya mvua kubwa. Bwaise ilikuwa matope matupu, kila mtu amejifungia kwa kuogopa doria. Phelister alikuwa amekaa gizani, taa haina mafuta. Yule mtu alikuwa juu ya kigoda chake.

Nje kukasikika hatua. Hatua moja nzito... moja ya kuburuza. Nzito. Ya kuburuza.

Zikasimama mlangoni.

"Feli."

Ilikuwa sauti ya mtu mwenye koo lililokauka. Hakuna aliyemwita Feli duniani isipokuwa mmoja.

Akasimama, mkono ukafika kwenye komeo. Na hapo ndipo alipokosea, ingawa kwa malezi yake hakukosea. Kwao, ukiitwa jina gizani huitiki mpaka uitwe mara ya tatu, kwa kuwa wafu na wachawi huita mara mbili tu. Bibi yake alimfundisha hilo kwa fimbo. Na huyu wa ndani alikuwa amekuja kwa sauti ya Khisa, sasa atajuaje? Akaubana mdomo. Akangoja.

"Feli, ni mimi. Fungua."

Mbili.

Alianza kulia bila sauti, kwa mara ya kwanza tangu gari lile. Aliomba kwa moyo wake wote aitwe tena. Mara moja tu. Vidole vilikuwa vimeshaanza kulivuta komeo.

Nyuma yake kigoda hakikutoa hata mlio.

"Nimerudi nyumbani."

Sauti ilijaa chumba, nzuri, yenye afya, ya mwanamume aliyetulia kwake.

Nje kukawa kimya. Alisikia mtu anavuta pumzi, karibu kabisa na mbao. Mtu aliyetoka kule walikompeleka, amefika kwake kwa miguu, anasikia mwanamume ndani ya nyumba yake akisema amerudi. Angefikiri nini? Kwamba mkewe ameshampata mwingine? Au kwamba wale watu wa miwani wametangulia, wanamvizia ndani? Siwezi kuwajibia. Phelister alifungua kinywa apige kelele, na mwiko ukamzuia kwa muda wa kupepesa jicho.

Hatua zikaanza. Nzito... ya kuburuza. Zinaondoka.

Alipolitoa komeo na kutoka, doria ilikuwa inamulika taa kwenye Barabara ya Bombo, na mtu hakuonekana. Aliita, Khisa, Khisa, mpaka jirani yake Rukiah akamvuta ndani kwa nguvu, akamziba mdomo.

Asubuhi akatoka kuangalia. Matope mbele ya mlango yalikuwa na nyayo, za miguu mitupu. Zilikuja zikasimama, na pale zilipozama ilionekana zilisimama muda mrefu. Aliweka kiganja ndani ya mmoja. Alikuwa ameuosha mguu ule, ameutoa miiba, ameulalia. Aliufahamu. Akazifuata mpaka kwenye lami, na kwenye lami hakukuwa na kitu.

Hajara alikuja mwenyewe mara mbili kumsihi auchome ukurasa. Phelister alimpa kiti, akampa chai, akamsikiliza. Kiberiti alikuwa nacho. Tatizo lake lilikuwa dogo, akamweleza taratibu, kama mtu anayeeleza bei ya sokoni. Akimchoma huyu wa ndani, na yule wa nje asirudi, yeye atabaki na nani?

Hajara alipoinuka kuondoka, aliona mlango wa Phelister hauna tena komeo, limeng'olewa, na kigoda kimegeuziwa ukutani, na yule mtu juu yake anawatazama.