Nyumba ya Kiema

"Ukifungua mdomo, Wavi, tutaumia sote wawili."

Zedekiah alinong'ona huku akitabasamu, ili wageni walioketi mbele wadhani ni maneno ya mahaba. Disketi yake ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta. Kwenye skrini palitokea ubao wa kijani, na katikati ya ubao nyumba ndogo yenye ngazi tatu.

Wavinya aliitambua. Nyumba ile aliichora yeye, juu ya kipande cha boksi, kwenye meza ya mama yake kule mtaani Mowlem.

"Hiyo ni kazi yangu, Zed."

"Si tunaoana? Yako ni yangu. Nikipita mimi, tumepita."

Waliosema kuna watu na viatu hawakukosea.

Mwaka huo wa 1997 wachumba hao walikuwa wakisomea utunzi wa michezo katika chuo kimoja mjini. Walianza na michezo ya ubao, ya maboksi na vifuniko vya soda. Muhula wa mwisho kila mmoja alitakiwa kuutia mchezo wake kwenye kompyuta, na atakayeleta mchezo wa mwenzake angefukuzwa. Zedekiah alikuwa hodari wa mashine lakini kichwani hakuwa na mchezo hata mmoja. Alipojitolea kumsaidia Wavinya kuutia wake kwenye mashine, msichana alimpa ubao, sheria zote, na hata siri ya ile nyumba. Angemficha nini? Wazazi walikuwa wameshatembeleana.

Siri yenyewe ilikuwa hii. Mdogo wake Wavinya, Kiema, alikuwa na mguu uliopooza. Walizoea kucheza drafti kwenye ngazi za ploti walimopanga, na Kiema akiinuka kwenda msalani alichukua muda mrefu na magongo yake. Ilikuwa marufuku kugusa kete mpaka arudi. Kiema alifariki akiwa darasa la saba. Ndiyo maana katika mchezo wa Wavinya, mchezaji akiingia kwenye ile nyumba, wote husimama wakamngoja.

Siku hiyo wazazi walialikwa kuzijaribu kazi za watoto wao. Mwalimu Magan alikuwa na sheria moja: mchezo unapojaribiwa, mtunzi hasemi neno, mchezo ujieleze wenyewe. Wageni wakacheza, wakacheka, wakangojana. Mtunzi halisi alikaa kimya nyuma chumbani, na hakuna aliyejua kwamba anaitii sheria. Akisema, angemfukuzisha mwanamume anayempenda. Asiposema, angeitwa yeye mwizi zamu yake ikifika.

Mchezo ulipoisha, Mwalimu alikuna kidevu.

"Kitu kimoja kimenishinda, Zedekiah. Huu ni mchezo wa mbio. Kwa nini mtu akiingia hapa wote wasimame?"

Zedekiah alimtupia Wavinya jicho, kisha akatazama sakafu.

"Nilikuwa na ndugu yangu, Mwalimu. Mguu wake ulikuwa umepooza, tulikuwa tunamngoja. Alikufa, tukamzika. Hiyo ni nyumba yake."

Mama mmoja alipangusa machozi. Wavinya angemwachia Zedekiah kazi yake, Mungu ni shahidi, pengine hata angemsamehe. Lakini Kiema! Aliinuka aseme, akakuta mtu mwingine ameshasimama.

Alikuwa Bi Roseline, karani wa reli, mamake Zedekiah.

"Zedekiah, ndugu yako gani?"

"Mama, kaa chini. Nitakueleza nyumbani."

"Nimezaa mara moja tu. Niliomba wa pili mpaka nikachoka, Mungu hakunipa. Nyumbani kwangu hakuna mtoto mwingine ila wewe. Sasa ukisema mtoto wangu amekufa, umemtaja nani?"

Kwao magharibi mwa nchi mtu hazushi kifo cha mtu wa nyumbani kwake, hata kwa mzaha. Ni kuuita msiba, nao una masikio.

"Nyumba ni ya nani?" Mwalimu aliuliza polepole.

"Ya Kiema," Wavinya alisema. "Mdogo wangu."

"Nimeiona picha yake ukutani kwao Mowlem, na magongo yake," Bi Roseline aliongeza. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka bila kumwangalia mwanawe.

Zedekiah alifukuzwa chuo. Wavinya alipita, lakini siku ya kupewa cheti hakuna aliyemwona akicheka. Habari za posa zilikufa bila mtu kuzitangaza.

Juma lililofuata Wavinya aliitwa kwenye simu ya duka la jirani.

"Wavi, ni mimi. Mathe wangu haongei na mimi. Anasema nimemzika mtoto wake. Nimekosa, najua. Usiniache bana. Ningoje tu nijipange."

Bado alimpenda, tusidanganyane. Mapenzi hayazimwi kama taa. Aliushika waya wa simu kwa mkono wa pili mpaka vidole vikauma.

"Kiema tulimngoja kwa sababu hata akichelewa, alikuwa anarudi kwetu. Wewe uliniacha ukiwa umekaa kando yangu, Zed."

"Wavi..."

Aliweka simu chini, akamshukuru mwenye duka, akarudi nyumbani. Ubao wa boksi ulikuwa mezani. Aliweka kifuniko kimoja cha soda kwenye nyumba ya ngazi tatu, akaketi mbele yake, akalia.