Hereni za Mwalimu Saadat

"Posh! Posh! Pisheni, jamani! Mzigo hauna breki!"

Sauti hiyo ilipanda juu ya kelele zote za soko la Jayma. Ilikuwa siku ya kwanza ya Septemba, siku ya shule kufunguliwa, na nusu ya mji wa Osh ilikuwa sokoni kutafuta kalamu na soksi nyeupe. Watu walijibana kwenye vibanda kupisha mkokoteni. Aizirek peke yake hakupisha. Alisimama katikati ya njia amekumbatia madaftari mapya kama mtu aliyeyaiba, akitazama huku na huku asije akaonwa na mteja wake yeyote wa ushonaji. Mkokoteni uliojaa majora ya vitambaa ulimpiga kumbo. Madaftari yakaruka, yakatua kwenye dimbwi la maji ya matikiti.

"Wewe kaka! Hayo ni macho au vifungo?"

Msukuma mkokoteni alikuwa kijana mrefu kama mlingoti, kofia yake nyeupe ya kalpaki imemwangukia jicho moja, shati limelowa jasho mgongoni.

"Dada yangu, nimepiga kelele mpaka mlima Sulaiman umepisha. Umebaki wewe tu." Aliinama, akaokota madaftari, akayapangusa kwenye suruali yake. "Pole sana. Ya mtoto?"

"Ndiyo. Ya mwanangu," alijibu Aizirek upesi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, hana mtoto wala mume, na hakuwa hodari wa kusema uongo.

"Yuko darasa la ngapi?"

"La kumi na moja."

Kijana alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwa chenye maua madogo hadi viatu. "Mashallah! Ulimzaa ukiwa darasa la pili?"

Wauza matikiti walicheka hadi mmoja akashika mbavu. Aizirek alinyakua madaftari yake, akaondoka mashavu yakiwaka moto.

Jioni ile aliingia kwenye shule ya watu wazima, madaftari kwapani. Aliacha masomo mwaka aliofiwa na baba, akakaa kwenye cherehani ili wadogo zake wasome. Kwa miaka mingi aliomba kila baada ya sala: Ya Rabi, nifungulie mlango nilioufunga. Sasa mlango ulikuwa wazi. Aliposukuma ubao wake, wa kwanza kumwona alikuwa yule mlingoti wa sokoni, magoti yamegoma kuingia chini ya dawati.

"Karibu, mama mwanafunzi," alisema kijana kwa heshima kubwa, mkono kifuani. "Mtoto umemwacha na nani?"

Aizirek alitaka kukasirika. Kicheko kikamponyoka kabla.

Kijana aliitwa Kubat. Yeye aliacha shule akaenda kubeba matofali Urusi, akarudi na mgongo mbovu na hamu ya kujua yale aliyoyakosa. Nyuma yao alikaa Mama Jumagul, muoka mikate mwenye wajukuu, aliyekuja na mkate wa moto kila jioni na kuugawa chini ya madawati. Na mbele yao wote alisimama Mwalimu Saadat, mwembamba, chaki kwenye kiwiko, nywele za mvi zimekatwa fupi, kichwa wazi majira yote.

Jamani, mwalimu yule! Aliyechelewa alisema jedwali la kuzidisha la kumi na tisa huku akivua koti, na hakuruhusiwa kukaa mpaka limalizike. Umeme ulipokatika aliwapeleka dirishani, akawafundisha pembetatu kwa kuwaonyesha mlima. Adhana ya magharibi ilipolia aliweka chaki chini bila kuambiwa, nao wakatandika makoti yao ukumbini, wanaume mbele, wanawake nyuma karibu na misumari ya kutundikia nguo. Hapo ndipo Aizirek, katika baridi ya Januari, alipojikuta akiomba dua mpya: Ya Rabi, kama huyu ni heri yangu, mlete karibu. Kama si heri, niondolee moyoni, maana hesabu haziniingii.

Hakuondolewa. Tena Aizirek mwenyewe alianza kumpigia simu.

"Umekula, roho yangu?"

"Nani roho yako? Mimi nina jina."

"Haya. Umekula, Jina?"

"Kubat! Nimekupigia nikuulize swali la nne, si mambo ya tumbo."

"Jibu la swali la nne ni saba. Sasa niambie kama umekula."

Basi wakafika hivyo mpaka Mei, majani ya mipopla yakimetameta na mto Ak-Buura umefura kwa theluji iliyoyeyuka milimani. Ikabaki wiki moja tu kabla ya Kengele ya Mwisho, siku ambayo kila shule nchini huwaaga wahitimu wake. Darasa zima lilichanganyikiwa kwa furaha. Aizirek alishona kanda nyekundu za kuvaa begani. Mama Jumagul alinunua utepe mweupe afunge maua mawili makubwa kichwani, kama wasichana wa shule.

"Juu ya kitambaa, Mama?" Kubat aliuliza.

"Juu ya kitambaa! Miaka yangu hamsini na moja hukunipa wewe, usiniharibie siku."

Likaja suala la kengele. Kwa desturi, mvulana mrefu kuliko wote humbeba begani msichana mdogo wa darasa la kwanza, akazunguka naye uwanjani huku msichana akiitikisa kengele. Lakini shule ile haikuwa na darasa la kwanza.

"Mrefu tunaye," alisema Mama Jumagul akimtazama Kubat. "Na mfupi kuliko wote…" Akamgeukia Aizirek pole pole kama mpishi anayegeuza andazi. Darasa likalipuka.

"Mimi niko tayari," Kubat alisema. "Hata mpaka Bishkek kwa miguu."

"Utaubeba mkokoteni wako!" Aizirek alificha uso kwa daftari.

Mwalimu Saadat aligonga meza. "Hakuna kubebana. Mtatembea bega kwa bega, kila mmoja ameshika ncha yake ya utepe, kengele katikati. Mmoja akikosa, kengele hailii. Mmenielewa?"

Jioni ile simu iliita kabla Aizirek hajavua viatu.

"Baada ya kengele nina neno nawe."

"Liseme sasa."

"Halisemwi kwa simu. Hili linahitaji mama yangu."

Aizirek aliketi kitandani, simu kifuani. Aliposwali isha alirudia rakaa, maana hakukumbuka kama ameswali tatu au nne.

Jumamosi mchana Mwalimu Saadat alikuja kwenye kibanda cha mafundi cherehani pale Jayma. Alikuwa anatoka matangani, kichwani amejifunga kitambaa kikubwa cheupe, na Aizirek mwenyewe nusura asimtambue. Alitoa mkobani leso iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na hereni za fedha, nzito, zenye vijiwe vyekundu.

"Nilivishwa na mwalimu wangu nilipohitimu," alisema. "Nikampa msichana wa kwanza wa darasa langu la jioni, na tangu hapo zinazunguka. Sikujaliwa binti, lakini masikio hayajanipungukia. Vaa siku ya kengele. Vaa hata baadaye, mpaka atokee mwenye haki ya kukuvua na kukuvisha nyingine. Siku hiyo unirudishie."

Mwalimu akamsogeza mlangoni penye mwanga, akamvisha sikio moja, akamvisha la pili, akambusu paji la uso. Mafundi wenzake waliacha cherehani zao, wakapiga makofi. "Hongera! Hongera, Aizirek! Mungu akujalie!"

Katika makofi hayo Aizirek alisikia sauti anayoijua ikitoka njiani. "Posh! Posh! Po…" Ikakatika. Aligeuka akitabasamu. Aliona mgongo wa mkokoteni tu, ukikunja kona kurudi ulikotoka.

Hakushtuka, maskini. Lakini wewe unayesikia, jua kwamba kwetu mwanamke mzima akimvisha msichana hereni, na watu wakisema hongera, hakuna haja ya kuuliza habari. Huyo ni mama mkwe. Msichana ameshachumbiwa.

Jioni alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena baada ya sala, ikakatwa. Jumapili ilifika saa ya mazoezi ya kengele. Akasimama uwanjani ameshika ncha moja ya utepe, ncha nyingine inaburuta vumbini. Ndipo ujumbe ukaingia: "Mungu akujalie heri, dada yangu. Nisamehe kama nilikuzoea."

"Dada!" Aizirek alimwonyesha Mama Jumagul simu. "Jana Jina, leo dada. Nimemkosea nini?"

Mama Jumagul alijifuta unga mikononi, ingawa siku ile hakuwa na unga. "Mwanangu, nilidhani unajua. Amekuja kuniaga asubuhi. Kesho anapanda basi kurudi Urusi. Hangojei kengele."

Aizirek alitazama ule utepe. Akaukusanya, akaufumbata kiganjani, akasema, "Bismillahi," na kutoka langoni akikimbia.

Alimkuta nyuma ya maghala ya vitambaa, anamkabidhi mwenzake mkokoteni. Kubat alimwona, akatazama hereni, kisha akatazama chini.

"Hongera," alisema.

"Ya nini?"

"Usinitese, Aizirek. Niliona kwa macho yangu."

"Macho yako ni vifungo, nilikwambia tangu Septemba! Uliona nini?"

"Mama mkwe wako. Mama mwenye kitambaa cheupe. Anaonekana ni mtu wa heshima, amechagua vizuri. Ungeniambia tu. Ningekaa pembeni kiungwana."

"Kubat. Yule ni Mwalimu Saadat."

"Mwalimu Saadat hajifungi kitambaa."

"Anajifunga akienda matangani! Hizi ni zake, amenipa nivae siku ya kengele. Humvisha msichana mmoja, zikirudi humvisha mwingine!"

Kubat aliketi juu ya mkokoteni uzito wote, ukainuka upande wa pili, na mwenzake nusura arushwe hewani. "Mwalimu Saadat," alirudia. "Nimemkimbia Mwalimu Saadat."

"Ndiyo. Na jedwali la kumi na tisa utalisema mara mbili."

Mwenzake aliangua kicheko, lakini Kubat hakucheka. Alikuwa ameshika kichwa. "Basi nimekwisha. Jana usiku nimempigia mama kijijini, nikamwambia azirudishe kwa sonara."

"Azirudishe nini?"

Masikio ya Kubat yaligeuka rangi ya cheri zilizokuwa zinauzwa ng'ambo ya njia.

"Kubat, azirudishe nini?"

"Hereni," alinong'ona. "Aliuza kondoo wake wawili akanunua. Lile ndilo lilikuwa neno langu."

Aizirek alifungua kiganja. Utepe ulikuwa umekunjamana, umelowa jasho. Alimpa ncha moja.

"Sonara anafunga saa ngapi?"

Kubat alimtazama, na uso wake ukafunguka taratibu. Kisha akaanza kupapasa mifuko yote kutafuta simu, pamoja na mifuko ya mwenzake.

"Mama! Mama, upo wapi? Sokoni? Usizirudishe! Nasema usi… Ndiyo, mimi ni mjinga. Ndiyo, Mama. Mjinga mkubwa. Yupo hapa anasikia. Anacheka."

Siku ya Kengele ya Mwisho anga lilikuwa safi kama shuka iliyofuliwa. Aizirek alivaa gauni jeupe la kola ya lesi alilolishona mwenyewe, na vijiwe vyekundu vilicheza masikioni. Mama Jumagul alipita na maua yake mawili kichwani, na mjukuu wake alimpigia makofi kuliko wote.

Kila mmoja alisema neno. Mama Jumagul alisema, "Nilikuja ili nimsaidie mjukuu hesabu. Sasa mjukuu ananikimbia. Ahsanteni kwa kula mikate yangu. Ningekuwa na aibu ya kusoma peke yangu." Kubat alisema jedwali la kumi na tisa, mara mbili, watu wakifa kwa kicheko. Zamu ya Aizirek ilipofika, maneno aliyoyaandaa yalimkimbia.

"Mwalimu," alisema, "mimi niliingia hapa nimeficha madaftari. Leo nataka mji mzima uyaone. Ulitusubiri tulipochelewa kwa miaka kumi, ukatutoza jedwali tu. Mungu akulipe sisi tusichoweza." Mwalimu Saadat aligeukia ukuta, akajifuta macho kwa kiwiko, na chaki ikabaki shavuni.

Kisha Aizirek na Kubat wakashika utepe, kila mmoja ncha yake. Walizunguka uwanja wote, na kengele ililia mpaka njiwa wakaruka kutoka paa la shule.

Ijumaa baada ya sala, mama yake Kubat alifika nyumbani kwa akina Aizirek na mikate, peremende na fundo la leso. Mama yake Aizirek alikuwa ameshakubali, ameshalia, na ameshapika pilau. Mwalimu Saadat alikaa mahali pa heshima, mbali na mlango. Kubat, kwa desturi, hakuruhusiwa kuingia.

"Haya, sogea kwenye mwanga," alisema Mwalimu. Akamvua sikio moja, akamvua la pili. Masikio ya Aizirek yalibaki matupu kidogo tu, mepesi, kama yanayosubiri kuitwa. Kisha mama wa Kubat akamvisha dhahabu ya kondoo wake wawili.

"Hongera!" walisema wanawake wote kwa pamoja.

Mwalimu Saadat alifunga fedha yake ndani ya leso, akakaza fundo kwa meno. "Septemba tunafungua," alisema. "Wasichana wawili wameshajiandikisha. Mmoja ana masikio mazuri sana."

Na kutoka njiani, ambako hapakuwa na mtu wala punda wa kupisha, sauti ilipaa mpaka juu ya mipopla:

"Posh! Posh! Posh!"