Aliyenishona Mguu

Jioni ile shemeji alinituma kuni. Kuni tu, basi.

Shemeji ni mume wa dada yangu, anaishi ughaibuni, na nilipomtembelea ndiye aliyenishawishi tupande mlima wa theluji usio na njia wala walinzi, tulale kwenye kibanda cha mbao na kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, mchana kutwa. "Ukianguka, utaangukia pamba," aliniambia. Pamba! Mimi ni fundi cherehani, pamba naijua.

Ghala la kuni lilikuwa chini ya mteremko. Nikavaa skii, nikateremka taratibu huku jua likizama... skii moja ikanasa kwenye kitu chini ya theluji. Nikabiringika hadi karibu na mlango wa ghala. Ukingo wa chuma wa skii ya pili ukanipasua shavu la mguu.

Nyama ilifunguka. Ndani niliona mafuta ya njano yakifuka mvuke kwa baridi. Nikatapika palepale.

Kilichonijia akilini ni cherehani yangu. Ni ya kukanyaga. Mguu ule ndio unaomlisha mama yangu na wanangu wawili. Nikamwita shemeji kwa sauti yangu yote, upepo ukaimeza.

Kisha ikaja harufu. Maziwa yaliyochacha... na nywele zilizoungua.

Mlango wa ghala ukalia.

Akatoka bibi kizee, pekupeku, nywele nyeupe zikiburuta kwenye theluji. Nikamwamkia kwa heshima. Alichuchumaa, akainusa nyama yangu kama mpishi anayenusa mchuzi.

"Mguu unautaka?" alinong'ona, kwa Kiswahili safi.

"Nautaka, bibi. Ndio kazi yangu."

"Basi tulia."

Akatia vidole mdomoni, akachomoa sindano ya mfupa kutoka kwenye ufizi. Iliteleza kwa ute. Akang'oa unywele mmoja, akaulamba ncha, akautunga. Mimi mwenyewe nilikuwa nalamba uzi kila siku kabla ya kutunga sindano. Tangu jioni ile siwezi, nakaribia kutapika.

Akashona. Sikusikia maumivu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi, maana nilibaki na nafasi ya kuusikia ulimi wake. Ulikuwa wa moto, unakwaruza, unafuata kila tundu ukifuta damu. Alipofika mwisho aliinama, midomo yake ikagusa mguu wangu, akakata uzi kwa jino.

Akameza.

"Tamu," akasema.

Shemeji alinikuta nimelala palepale. Ghalani hamkuwa na mtu. Kwenye theluji hapakuwa na nyayo, ila alama za skii zangu.

Hospitalini, daktari, mama wa makamo, aliutazama mshono kwa muda mrefu. Ulikuwa mshono safi, nakiri kama fundi. Alipojaribu kuuvuta uzi, niliusikia ukivutika tumboni mwangu. Akauachia upesi, akaenda kunawa mikono. Akarudi, akanitazama, akaenda kunawa tena.

Ndipo aliposema maneno machache. Shemeji, ambaye hata msibani hukosi kumsikia akitania, alitafsiri bila kucheka.

"Anasema mshono kama huu ameshawahi kuuona. Mgonjwa alirudi akaomba akatwe mguu."

"Ulikuwa umeoza?"

"Hapana. Ulikuwa umepona kabisa."

Nimerudi nyumbani. Nakanyaga cherehani vizuri, wateja wameridhika, watoto wanakula. Ila kila tundu la mshono limeota nywele. Nyeupe, nene, zenye mafuta. Nikizikata kwa mkasi wa vitambaa zinatoa ute, na kabla ya siku mbili kuisha zimeshafika kisiginoni. Nazificha ndani ya soksi ndefu. Tukikaa mezani nazihisi zikijikunja humo, na chakula kinanishinda. Mara nyingi nimeshika mkasi nikitaka kuufumua mshono wote. Kisha namwangalia mama, nawaangalia wanangu, nauweka chini.

Leo asubuhi nilivua soksi ili nizikate.

Zimesukwa.

Mistari myembamba, imenyooka, na ncha zote bado mbichi kwa mate.