Kuku Yuko Zamu

Kinasamisimu kilikuwa chombo kidogo, hakikuzidi redio ya mezani, lakini masikio yake yalienea Temeke nzima. Kila nguzo ya taa ilikuwa na kisikizi chake. Neno jipya likizaliwa sokoni au kwenye foleni ya maji, chombo kililidaka, kikaeleza maana yake, kisha kikalifuata nyuma, mdomo kwa mdomo, hadi kwa mtu wa kwanza kulitamka.

Dakta Siwema Lukindo, aliyekibuni, asubuhi hiyo alikuwa anacheka peke yake maabarani.

"Kuku yuko zamu," kilisema chombo kwa sauti kavu. "Maana: mtu amepumzika huku akihesabiwa yuko kazini. Asili: bangilikazi hupima joto la mwili na mwendo. Ikifungwa mguuni mwa kuku, huamini mvaaji anafanya kazi. Mwasisi: Zena Lukindo."

Zena! Mdogo wake wa tumbo moja, aliyeishia darasa la saba ili yeye asome! Siwema alijikuta machozi yanamlengalenga kwa fahari. Mji mzima ulikuwa ukilitumia neno la Zena.

Jioni alikwenda kwao. Zena alikuwa barazani, anachambua vyuma chakavu vya kampuni, bangilikazi ikimetameta mkononi. Ndani, mama yao alikuwa amelala, mwaka wa pili sasa hawezi kujigeuza.

"Kamusi yangu ya misimu inatoka wiki hii," Siwema alisema. "Nataka jina lako liwemo."

Zena aliacha kuchambua. "Dada, usinizingue. Jina langu la nini?"

"Neno ni lako. Msomi hali jasho la mwenzake. Lazima nimtaje mwenyewe."

"Huko kwenu chuoni. Huku neno la mtaa halina baba. Hata ukiniuliza 'kula kona' kaanza nani, sikwambii, na ninamjua." Akashusha sauti. "Waache wacheke tu, dada. Bila kuku, mama nitamgeuza saa ngapi?"

Siwema alilisikia swali hilo, lakini hakulitia maanani. Miaka yote ya usomi alikuwa amefundishwa kwamba kumnyima mtu sifa yake ni wizi, na aliona Zena anajishusha tu kama kawaida yake. Kamusi ikatoka, jina likiwemo, kwa herufi nene. Akapigiwa makofi chuoni. Ah, makofi nayo!

Kampuni ya vyuma nayo ilisoma. Ilikuwa na haki ya kusoma kama mtu yeyote.

Walikuja na bangili nyingine, ya kuchomelewa, inayosoma mapigo ya moyo wa mtu na haidanganyiki kwa kuku wala bata. Zena akahamishiwa ghalani Mbagala, nyuma ya lango la chuma. Mtaani wengine waliokuwa wakipumua kwa ujanja ule wakabanwa vilevile. Siwema alipopata habari alikimbia kwenye kampuni kumwombea mdogo wake radhi. Wakampokea vizuri, wakamshukuru kwa utafiti wake.

Alimwekea mama mashinelezi, roboti la kulishia wagonjwa. Lilijua kupima sukari na kushika kijiko. Halikujua kwamba mama akinyamaza kwa muda mrefu ndipo anapokabwa na chakula. Alifariki mchana, uji ungali vuguvugu.

Msibani watu walijaa uani. Siwema alipoingia, mazungumzo yalikatika kama redio iliyozimwa. Halafu yakaanza upya, kwa Kiswahili cha mtangazaji wa habari.

"Hali ya hewa ni nzuri leo," alisema muuza mihogo wa jirani, aliyemlea mgongoni.

"Naam, ni nzuri kwa hakika," akajibu mkewe.

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Aliwajua watu hawa kwa utani wao na mafumbo yao, na sasa walimfungia mlango kwa adabu. Vivyo hivyo kwenye kila nguzo ya Temeke: chombo chake hakikuwa kimedaka neno jipya tangu kamusi itoke.

Zena alikuwa amepewa nusu saa ya ruhusa. Siwema alimfuata mkekani, akapiga magoti, mikono wazi.

"Zena, mdogo wangu..."

Bangili ikalia. Zena akainuka, akaitengeneza khanga yake, akampa dada yake mkono kama anavyopewa mgeni aliyetoka mbali.

"Pole kwa msiba, Dakta," alisema, akatoka.